Mhadhiri wa uchanganuzi tumizi anauliza: niuache utafiti, nibaki na darasa tu?

Barua ya msomaji

Shikamoo Mshauri.

Mimi ni mhadhiri wa hisabati katika chuo kikuu. Fani yangu ni uchanganuzi tumizi, yaani ule upande wa hisabati unaochunguza milinganyo ya difrenshali inayoeleza joto, maji, mawimbi na kusambaa kwa vitu, ambapo mtu huuliza kwanza kama suluhu ipo, kama ni moja tu, na kama tabia yake ni ya kuaminika, kabla haijapelekwa kwenye kompyuta. Tasnifu yangu ya uzamivu ilihusu ulaini wa suluhu dhaifu, yaani zinazokubalika hata pasipo na mteremko wa kuuhesabu, za mfumo wa milinganyo ya mmenyuko na usambaaji, ile ya vitu vinavyosambaa huku vikimenyuka, na nilipoimaliza kulikuwa na swali moja lililobaki wazi, ambalo nilitarajia kulifunga mara tu nitakapopata ajira. Swali hilo lingali wazi hadi leo. Makala mbili zilizotokana na tasnifu zilichapishwa. Ya tatu ilikaa kwa wahakiki zaidi ya mwaka mzima, kisha ikarudi na maelezo kwamba matokeo ni sahihi ila hayasogei mbali na yale yaliyokwisha kujulikana.

Kinachonila muda ni ufundishaji. Kila muhula ninabeba kozi tatu, mbili zikiwa kalkulasi na milinganyo ya difrenshali kwa wanafunzi wa uhandisi, ambao ni wengi kiasi kwamba kusahihisha mtihani mmoja humaliza wiki kadhaa. Ya tatu ni kozi ya wanafunzi wa hisabati wa mwaka wa tatu, na hiyo naipenda. Juzi binti mmoja aliniuliza swali ambalo huulizwa karibu kila mwaka: ikiwa mlinganyo wa joto unasema kwamba joto lililowekwa sehemu moja huwa limefika kila mahali papo hapo, hata umbali wa maelfu ya kilomita, je, jambo hilo linawezekana kweli? Nilimjibu kwamba kiasi kinachofika huko ni kidogo mno kupimika, tukaendelea na somo.

Sasa kumezuka jambo jingine. Katika kitivo cha uhandisi yupo mtaalamu wa maji ya ardhini, ninayemwita kaka kwa kuwa amenitangulia kazini. Anachunguza jinsi maji yanayoingizwa ardhini kupitia bwawa la kujazia yanavyojikusanya chini na kutanuka pembeni. Programu yake inafanya kazi vizuri katikati ya lundo la maji, lakini ukingoni inatoa kimo hasi, jambo lisilo na maana yoyote, na kila anapojaribu kuirekebisha maji mengine yanapotea kwenye hesabu. Alinionyesha grafu zake akaniomba tushirikiane. Nilipozitazama nilivutiwa mno. Mkuu wa idara yangu aliposikia alinionya kwamba hiyo ni kazi ya wahandisi, kwamba kamati ya upandishaji vyeo haitaihesabu kuwa ni hisabati, na akamalizia kwa kuniambia kuwa mshika mbili moja humponyoka.

Nina pia mwanafunzi wa uzamili anayetaka nimsimamie, na nimefikiri kumpa lile swali langu la tasnifu tulimalize pamoja. Wakati huohuo, kuna jarida ambalo kila mara huniandikia barua pepe likiahidi kuchapisha makala yangu ya tatu kwa siku chache, mradi nilipe ada. Wapo wenzangu waliopandishwa vyeo kwa njia hiyo.

Umri unakwenda, Mshauri, na watu husema hisabati ni kazi ya vijana. Je, niuache utafiti niwe mwalimu mzuri tu, nimfuate huyu kaka, au nijifungie na swali langu hadi lifunguke? Naomba jina langu lisitajwe.

Mhadhiri aliye njia panda

Jibu la Mshauri

Marahaba, Mwalimu. Nikujibu kwanza, sababu zitafuata: usiuache utafiti, liweke kando lile swali la tasnifu bila kulitupa, na umkubalie huyo kaka, kwa masharti nitakayoyataja. Mkuu wako wa idara ana haki ya kukuonya, lakini naona hajaitazama vizuri hiyo grafu. Kimo hasi ukingoni mwa lundo la maji ni tatizo la hisabati kabla ya kuwa tatizo la programu, na limekaa karibu sana na tasnifu yako kuliko unavyodhani.

Tuitazame hesabu yenyewe, maana hapo ndipo penye jibu lako. Chukua kimo cha maji juu ya tabaka bapa lisilopenyeza, ukiite u. Mwaka 1856, Henry Darcy, mhandisi aliyeshughulikia maji ya mji wa Dijon huko Ufaransa, alieleza kanuni kwamba maji hupita kwenye mchanga kwa kasi inayolingana na mteremko wa shinikizo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Joseph Boussinesq aliiunganisha kanuni hiyo na ukweli kwamba maji hayapotei, akapata mlinganyo ambao, ukishaondoa viwango visivyobadilika, unasema kwamba badiliko la u kwa wakati ni sawa na Laplasi ya u², kipimo cha jinsi u² inavyojipinda mahali hadi mahali. Kwenye mlinganyo wa joto tunayo Laplasi ya u peke yake. Tofauti yote ni kile kipeo cha pili, na kipeo hicho ndicho kinachomjibu yule binti wa mwaka wa tatu: pale u ilipo sifuri, uwezo wa kusambaa nao ni sifuri, hivyo maji hayawezi kuwa kila mahali papo hapo, hulazimika kuusukuma mpaka wao kidogo kidogo.

Haya yote yanaweza kuonyeshwa ubaoni kwa dakika chache. Katika upande mmoja tu wa nafasi, yaani kwenye mstari, tafuta suluhu yenye umbo u = t^(−1/3) F(s), ambapo s = x t^(−1/3), x ni umbali na t ni muda. Ukiiingiza kwenye mlinganyo na kujumuisha (kutafuta intigrali) mara moja, unapata (F²)′ = −sF/3; ukigawa kwa F pale isipokuwa sifuri, inabaki 2F′ = −s/3, yaani F = C − s²/12, hadi parabola hiyo inapogusa sifuri, na kutoka hapo kwenda mbele ni sifuri tupu. Ukingo wa lundo kwa hiyo husogea kama mzizi wa tatu wa muda: ili maji yafike umbali mara 2 ya hapo yalipo, kuhesabia tangu yalipoanza, yanahitaji muda mara 8, ilhali upana wa joto, unaofuata mzizi wa pili, ungehitaji mara 4 tu. Sasa uangalie huo ukingo kwa karibu. Parabola inaigusa sifuri kwa pembe, si kwa kulala taratibu, kwa hiyo pana kona, na penye kona hakuna mteremko mmoja wa kuuhesabu. Suluhu ya kawaida haipo pale. Iliyopo ni suluhu dhaifu, kitu ambacho umekisomea miaka yote ya uzamivu. Programu ya kaka yako imeandikwa kana kwamba u ni laini kila mahali, na inapofika kwenye kona hiyo hutikisika na kuchupa chini ya sifuri. Anapozikata namba hasi kwa nguvu anakuwa ameongeza maji ambayo hayakuwepo, na anapojaribu kufidia anayapunguza mahali pengine.

Suluhu hii ina historia ndefu, nayo imetoka mikononi mwa watu ambao wasingeelewa onyo la mkuu wako. Zel'dovich na Kompaneets waliipata mwaka 1950 wakichunguza joto katika hali ambayo upitishaji wake hutegemea joto lenyewe. Barenblatt akaitoa kwa upana zaidi mwaka 1952 akichunguza gesi na vimiminika vinavyopita kwenye miamba yenye vinyweleo. Mwaka 1958 Olga Oleinik, Kalashnikov na Zhou Yulin wakajenga nadharia ya suluhu dhaifu za milinganyo ya aina hii. Karibu na mwaka 1980 Luis Caffarelli na Avner Friedman walithibitisha mambo ya msingi kuhusu ulaini wa ule ukingo wenyewe, na Caffarelli alipopewa Tuzo ya Abel mwaka 2023, kazi zake juu ya mipaka huru, ile ambayo mahali pake nako ni sehemu ya swali, zilikuwa miongoni mwa zile zilizotajwa. Swali lililoanzia kwenye maji na gesi chini ya ardhi limepanda hadi kwenye mojawapo ya tuzo kubwa kabisa katika hisabati, na hakuna aliyeuliza lilitoka kitivo gani.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1807 Joseph Fourier alipowasilisha kazi yake ya joto huko Paris, mwanahisabati mashuhuri Lagrange aliipinga. Baadaye aliituma tena kushindania tuzo, akashinda, lakini waamuzi wakaandika kwamba uchanganuzi wake unapungukiwa na ukali wa uthibitisho na upana. Walikuwa na haki katika hilo. Hata hivyo, juhudi za kuuziba upungufu huo, kuanzia Dirichlet mwaka 1829, ndizo zilizozaa sehemu kubwa ya uchanganuzi tunaoufundisha leo. Nakueleza haya kwa sababu moja tu: mwanahisabati katika ushirikiano wa namna hii hana kazi ya kuwasaidia wahandisi kuandika programu. Kazi yake ni kuleta ule ukali ambao Fourier hakuwa nao. Ukienda kwa kaka yako ukawa mtu wa kumtafutia hitilafu za kompyuta, mkuu wa idara atakuwa amesema kweli, na nitakuwa upande wake.

Basi uende na nini? Nenda na swali lililobanwa. Kwa mfano: je, upo utaratibu wa kukokotoa mlinganyo wa Boussinesq ambao haushuki chini ya sifuri, haupotezi maji, na unaothibitika kuikaribia suluhu dhaifu pale tabaka la ardhi linapobadilika upenyezaji wake ghafla? Kwa ardhi ya namna moja taratibu kama hizo zimekwisha kuandikwa, na nyingi. Usipoteze muda kuzibuni upya. Pengo litakuwa kwenye hali mahususi ya data ya kaka yako: matabaka yake, umbo la bwawa lake, au uchafu unaosafiri na maji hayo na kumenyuka njiani. Hilo la mwisho ndilo ningelichagua mimi. Mara tu unapoongeza uchafu unaomenyuka, unakuwa na mfumo wa mmenyuko na usambaaji ambao usambaaji wake hufifia ukingoni, na hapo umerudi kwenye tasnifu yako kupitia mlango ambao haukuwepo ulipoiandika.

Zana zako nyingi zitafaa, ila si zote zitafaa kama zilivyo. Umezoea kuzidisha mlinganyo kwa u na kujumuisha ili upate makadirio ya nishati, yaani kikomo cha ukubwa wa suluhu. Ukifanya hivyo hapa, upande wa kulia utabaki na intigrali ya −2u|∇u|², ambapo ∇u ni mteremko wa u, na ile u iliyotangulia itakuharibia kazi ukingoni, kwa kuwa inakwenda sifuri palepale unapohitaji msaada. Zidisha kwa u² badala yake. Utapata kwamba theluthi ya intigrali ya u³ inapungua kwa kasi ya intigrali ya |∇(u²)|², makadirio safi yasiyo na uzito wowote unaofifia, na kutoka hapo utaona ni kipi katika tasnifu kinachohamishika na kipi kinachogoma. Ningependa ufanye jaribio hilo kabla hujamjibu kaka yako. Ni kazi ya jioni moja, na itakuambia mengi kuliko barua yangu.

Kabla ya kuanza kuandika, soma. Pekua hifadhidata za makala za hisabati, zbMATH na Mathematical Reviews, kwa majina ya milinganyo hii, kwa kuwa wahandisi, wanafizikia na wanahisabati wameipa majina tofauti na mtu anayetafuta kwa jina moja hukosa nusu ya maktaba. Allan Cormack, mwanafizikia aliyekuwa Cape Town mwaka 1956 alipoanza kufikiria jinsi ya kuupata undani wa mwili kutokana na mionzi inayopita pande mbalimbali, alilitatua swali lake mwenyewe na kulichapisha mwaka 1963 na 1964. Miaka mingi baadaye ndipo alipofahamu kwamba Johann Radon alikuwa ametatua kiini chake mwaka 1917. Cormack alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979, pamoja na Hounsfield, kwa hiyo hatuwezi kumhurumia sana; mhadhiri anayesubiri kupandishwa cheo hana nafasi ya kurudia kazi iliyokwisha kufanyika.

Masharti sasa. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, kwamba kutatoka makala mbili. Moja itakwenda kwenye jarida la maji au uhandisi, ikiwa na data na picha, na humo kaka yako atatangulia. Nyingine itakwenda kwenye jarida la hisabati, ikiwa na theoremu na uthibitisho, na humo majina yatapangwa kwa alfabeti kama ilivyo desturi yetu. Usilichukulie hili kuwa jambo dogo. Katika uhandisi mpangilio wa majina hueleza nani amefanya zaidi, ilhali katika hisabati haumaanishi chochote, na Chama cha Hisabati cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2004 kulieleza hilo kwa ajili ya kamati zisizo za wanahisabati. Urafiki mwingi wa kikazi umevunjika kwa sababu kila mmoja alidhani desturi yake ndiyo ya dunia nzima. Sharti la pili ni kwamba programu ni yake. Wewe utampa utaratibu ulioandikwa vizuri na mfano wa kuupimia, na mfano bora ni ileile parabola, kwa kuwa jibu lake kamili linajulikana. Programu ikishindwa kuifuata, haina haki ya kuaminiwa kwenye data halisi.

Kuhusu darasa, nahofia umelitenganisha na utafiti kuliko inavyostahili. Swali la yule binti wa mwaka wa tatu, ambalo unasema huulizwa karibu kila mwaka, lilikuwa swali lilelile la kaka yako likiwa limevaa nguo nyingine: kasi ya kusambaa ina kikomo au haina? Jibu ulilompa ni sahihi, lakini liliishia pale linapoanza kunoga. Muhula ujao mpe darasa zima ile hesabu ya parabola iwe zoezi la nyumbani, wapime umbali mara 2 dhidi ya muda mara 8, kisha waeleze kwa nini ukingo una kona. Utakuwa umewafundisha suluhu dhaifu kabla hujaitaja kwa jina. Kwa wale wahandisi wengi, Darcy ni jina wanalolijua, na mfano wa maji yanayotanuka ndani ya mchanga utawashika kuliko mfano wa tano wa kupoa kwa kipande cha chuma. Lingine ni la kiutawala: mwombe mkuu wa idara akuachie kozi zilezile kwa miaka kadhaa mfululizo. Maandalizi ya kozi mpya ndiyo yanayoua utafiti, na maombi ya namna hii ni rahisi kukubaliwa kuliko maombi ya kupunguziwa mzigo. Kuhusu kusahihisha sina dawa. Ni kazi, ifanye, na usiifanye asubuhi, maana saa za asubuhi ambazo akili imetulia ndizo za kuthibitishia.

Kuhusu umri, utakuta watu wakikutumia hadithi ya Yitang Zhang, ambaye mwaka 2013, akiwa mhadhiri asiye na jina kubwa na umri uliopita miaka 55, alithibitisha jambo kuhusu nafasi baina ya namba tasa lililowashangaza wataalamu wote. Ni hadithi ya kweli na ya kupendeza, nami ningekusihi usiifuate. Ni ya mtu aliyekaa peke yake na swali moja kwa miaka, na kwa kila mmoja aliyetoka upande wa pili wapo wengi ambao hatutawasikia. Katika uchanganuzi tumizi hali ni tulivu zaidi: fani yetu humlipa mtu aliyekusanya mbinu nyingi na mifano mingi, mtu anayejua kwa uzoefu ni kipi cha kuzidishia mlinganyo. Miaka inasaidia. Usemi kwamba hisabati ni kazi ya vijana wauamini wanaotafuta medali ya Fields, tuzo kubwa ya wanahisabati vijana, ambayo kweli ina kikomo cha miaka 40.

Kamati ya upandishaji vyeo inahitaji maandalizi, na mengi yako mikononi mwako. Wengi katika kamati hizo hutoka fani ambazo makala hutoka kwa kasi na hunukuliwa kwa kasi, na wanapomwona mwanahisabati mwenye makala mbili hudhani amelala. Ripoti iliyotolewa mwaka 2008 na Muungano wa Kimataifa wa Hisabati pamoja na vyama vya hisabati tumizi na takwimu inaeleza waziwazi kwamba vipimo vya kunukuliwa haviwezi kuwa hakimu peke yake, na kwamba katika hisabati sehemu kubwa ya kunukuliwa hutokea nje ya lile dirisha la miaka 2 linalotumika kupima majarida. Iambatanishe na maombi yako, pamoja na lile tamko la mwaka 2004 kuhusu mpangilio wa majina, na uandike ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo mtaalamu wa historia anaweza kuisoma, ukieleza theoremu yako inasema nini na nani anaihitaji. Mkuu wa idara usimbishie. Mpelekee rasimu ya makala ya hisabati ikiwa na tamko la theoremu kwenye ukurasa wa kwanza, umwombe maoni. Akiona theoremu ataona ni kitu kimoja kimeshikwa kwa mikono miwili, na ile methali yake atamtafutia mtu mwingine.

Mwanafunzi wako wa uzamili usimpe swali lililokushinda. Wewe una mshahara na miaka. Yeye ana muda mfupi, na akishindwa hataandikiwa kwamba swali lilikuwa gumu. Mpe hali ya upande mmoja wa nafasi: mlinganyo wa Boussinesq wenye matabaka mawili ya upenyezaji tofauti, athibitishe kuwepo kwa suluhu dhaifu, aonyeshe utaratibu wa kukokotoa usioshuka chini ya sifuri, kisha aulinganishe na parabola upande ambao matabaka hayajaanza kuingiliana. Hata akikwama katikati atakuwa na kitu cha kuandika, na akifika mwisho utakuwa na sura ya kwanza ya makala yenu. Lile swali la zamani litajirudisha lenyewe kama lina uhai, na mara nyingi mtu huliona upya baada ya kufanya kazi ya jirani yake.

Barua pepe za lile jarida usizijibu. Makala katika hisabati hukaa kwa wahakiki miezi mingi kwa sababu kuna mtu anayeusoma uthibitisho mstari kwa mstari. Anayeahidi jibu la siku chache anakuambia kwamba hakuna atakayesoma. Ada peke yake si ushahidi, maana yapo majarida halali yanayotoza kwa sababu za ufikiaji huria, lakini tazama kama jarida limo kwenye zbMATH au Mathematical Reviews, na kama unamfahamu kwa kazi zake walau mhariri mmoja wa fani yako. Waliopandishwa vyeo kwa njia ile waache, ila kumbuka kwamba orodha ya makala haifutiki, na kamati ya uprofesa huisoma kwa makini kuliko kamati ya sasa. Ile makala ya tatu iweke arXiv, hifadhi ya makala mtandaoni, ambako haitozwi kitu, na uitume kwenye jarida la heshima lenye madai ya wastani. Wahakiki wamekwisha kukuambia kwamba ni sahihi. Punguza utangulizi unaoahidi makubwa, ongeza mfano mmoja uliokokotolewa hadi mwisho, na itapata pa kukaa.